Harufu ya chambo: maneno ya kamati kwa wanamemba wavuvi



Leo tuko na jambo moja tu. Ndugu zetu waliotoka kambini Nyarugusu wakapelekwa Marekani wametutumia vichupa vya dawa ya harufu, ile ya kupaka kwenye chambo cha bandia. Tunawashukuru sana. Sasa wanamemba wengine wanaomba sanduku letu linunue vingine. Vinauzwa kwa dola, na kuvifikisha hapa Baraka ni dola tena. Basi tueleze kwanza ile dawa inafanya nini.

Kule wanavua nayo samaki anayeitwa bass. Huyo anawinda zaidi kwa macho, na kwa kusikia maji yakitikisika. Chambo chake ni cha mpira, kimefanana na mdudu ao kasamaki, kinavutwa majini. Akikitia mdomoni akasikia ni mpira mtupu, anakitema palepale. Ile harufu na ladha inafanya akishike kidogo zaidi, mvuvi apate nafasi ya kuvuta. Kazi yake kubwa ni hiyo. Kumwita samaki toka mbali, hapana, maana chambo kinapita haraka. Tena mafuta hayachanganyiki na maji, na samaki ananusa kile kinachoyeyuka.

Ziwani kwetu ndagala na mikeke tunawapata kwa taa. Kambale ndiye mambo mengine. Hana magamba, macho yake madogo, usiku anatafuta chakula kwenye matope, na zile ndevu zake zinaonja kama ulimi. Huyu ndiye wa harufu, na dawa yake tuko nayo bure: matumbo ya kuku, minyoo ya udongo, ndagala waliovunjika ambao wamama hawawezi kuuza. Kata chambo vipande, maji yake ya ndani yatoke. Kikisha kuwa cheupe na hakinuki tena, badilisha. Kule Ziwa Victoria kuna wanaotia hata kipande cha sabuni kwenye ndoano, na kambale anakula! Pale Mutambala unapoingia ziwani, weka ndoano upande maji yanakotoka, mkondo upeleke harufu kwenye majani. Na mikono iliyoshika petroli ya mota, ioshwe kwanza.

Sababu ya kusema haya yote ni vyandarua. Mtu aliyerudi bila nyavu anashona vyandarua vya mbu, anakokota pembeni ya ziwa, anatoa vitoto vya samaki kabla havijakua. Hatuwezi kuficha hilo mbele ya wafadhili. Ukimkataza bila kumpa kitu kingine hatasikia, na watoto wake wanataka kula. Kamba ndefu yenye ndoano nyingi anaweza kuanza nayo: inalala majini usiku, inashika samaki mkubwa, na vitoto vinabaki.

Kwa hiyo kamati inapendekeza sanduku lisinunue vichupa. Linunue ndoano na kamba, mwanamemba akopeshwe, alipe kidogo kidogo kadiri anavyouza. Ndugu wa Marekani, mkitaka kutuma tena, tumeni ndoano. Ni nyepesi na hazimwagiki njiani. Vichupa vilivyopo tutawapa vijana wanaovua sangala kwa fimbo, watuletee habari. Kura tutapiga kwenye mkutano ujao.