GANZI YA MKONO NA KIZUNGUZUNGU
(Maneno yaliyosemwa mbele ya baraza la wazee na walimu)

Tumeombwa kusema habari ya maradhi yetu, na kwanza tuliona haya, maana si desturi ya mtu mzima kusimama mbele za watu akahesabu maumivu yake. Lakini kwa kuwa wengi wenu mlikuwapo siku ile tulipoanguka, na wengine mkasema maneno, yafaa mpate habari kamili.

Kazi yetu ni ukarani. Tangu kutoka shule ya misheni tumeinamia daftari, na siku hizi twainamia kompyuta mchana na simu ya mkononi usiku. Mwanzo wa maradhi ulikuwa mdogo. Kidole gumba na kidole cha shahada vya mkono wa kuume vilisikia mtambao kama wa siafu, na nyuma ya bega pakawa na maumivu kama ya jino. Tulikung'uta mkono, tukasema tumeulalia vibaya. Baadaye kalamu ikawa yaanguka yenyewe. Siku moja tulishika sufuria ya moto tusijue kuwa yatuunguza. Mama watoto ndiye aliyeona ngozi imebambuka.

Kisha kikaja kizunguzungu. Tukijigeuza kitandani, nyumba yazunguka. Tukiinua macho kutazama majalada ya juu, yazunguka tena, halafu yatulia. Asubuhi moja, katika baraza, tulikuwa twasoma majina ya watu wa kupewa mbegu. Mtu akaita upande wa kuume, tukageuza kichwa upesi, tukaangukia viti. Hata kabla hatujainuka maneno yalikuwa yamekwisha enda vijijini, ya kwamba karani amelewa saa tatu ya asubuhi. Nasi pombe hatunywi. Wengine walisema tumerogwa kwa ajili ya kazi. Twakiri kwamba neno la ulevi lilituuma kuliko mkono, maana karani asiyeaminiwa huondolewa, na tuna watoto wanne shuleni.

Hapo tukafanya kosa. Jamaa walitupeleka kwa mtu anyooshaye mifupa, naye akatushika kidevu na kisogo, akaisokota shingo mpaka ikalia. Majuma mawili hatukuweza kuinua mkono hata kuvaa shati. Hatumtaji jina, kwani alifanya alivyofundishwa. Illakini jueni ya kuwa ipo mishipa miwili ya damu iendayo nyuma ya ubongo, nayo hupita katika matundu ya mifupa ya shingo. Mshipa huo ukichanika kwa kusokotwa kwa nguvu, mtu aweza kupata kiharusi. Sisi tulipona tu.

Ndipo tukaenda hospitali. Daktari hakuanza na mashine. Alituuliza sana, akatugonga viwiko kwa kinyundo, akatuchoma vidole kwa pini kimoja kimoja, kisha akatulaza kichwa upande wa kuume na kukikandamiza kidogo. Maumivu yakashuka kama moto mpaka kidole gumba. Akasema, 'Jawabu liko shingoni.'

Akatueleza hivi. Shingo ina pingili 7, na kati ya pingili nyingi mna kitu laini kama mto. Kando yake hutoka mishipa ya fahamu, jozi 8, na baadhi yake huenda mabegani na mikononi. Mto ukitokeza, au mfupa ukiota kichomozo kwa uzee na kazi, mzizi wa mshipa hubanwa, na mtu husikia taabu mbali na mahali ulipobanwa. Aghalabu mshipa wa 6 hujulikana kwa kidole gumba, wa 7 kwa kidole cha kati, wa 8 kwa kidole cha mwisho. Lakini mshipa waweza kubanwa kifundoni mwa mkono pia, na mtu huamshwa usiku akikung'uta vidole. Au kiwikoni, na kidole cha mwisho kikafa ganzi. Tena ganzi yaweza kuwa ya ugonjwa wa sukari, au ya ukoma, hasa ikiwa pana baka lisilosikia. Na ukoma wapona kwa dawa, wala haulipiwi. Kwa hiyo mtu asijitabirie mwenyewe.

Tukamwuliza, na kizunguzungu je? Akacheka kidogo. Sisi tulidhani kamba moja imefunga yote mawili, kumbe yalikuwa maradhi mawili yaliyoingia nyumba moja. Alisema mshipa wa mkono ukibanwa, haufanyi nyumba izunguke. Wako watu ambao shingo yenyewe huwapa kuyumba, na madaktari hubishana juu ya habari hiyo; lakini chetu kilikuwa cha sikio. Ndani ya sikio mna chembe ndogo za chokaa. Zikitoka mahali pake zikaingia katika mifereji ya maji ya sikio, kila mgeuzo wa kichwa hudanganya ubongo. Alitulaza chali, akatazama macho yetu yakichezacheza, kisha akageuza kichwa polepole, pande kwa pande, kwa utaratibu uliotangazwa mwaka 1992 na John Epley, daktari wa Marekani. Mara ya pili kizunguzungu kilikoma. Kimerudi mara moja tu tangu siku ile.

Shingo haikupona kwa siku moja. Daktari alisema wengi hupata nafuu kwa majuma au miezi michache pasipo kupasuliwa, nasi tulikaa miezi mitano. Tumeinua kompyuta juu ya sanduku, twainuka kila nusu saa, twafanya mazoezi tuliyofundishwa, maji twayajaribu kwa mkono wa kushoto, na ngazi hatupandi. Ndoo tumezigawa mbili ndogo, moja kila mkono. Majirani walicheka kuona mwanamume akichota kidogo kidogo, sasa wamezoea.

Machifu, twawaomba mfikiri juu ya mizigo. Mwaka 1968 palichapwa katika gazeti la madaktari wa Uingereza habari za wachukuzi wa kusini mwa Afrika walioumia shingo kwa mizigo ya kichwani. Nasi twaona kina mama wakishuka na kuni kwa mkanda wa kichwani, mzigo ambao karani huyu hawezi kuuinua. Mikokoteni miwili ya kijiji ingekuwa na bei gani? Swali hili tumeliandika katika daftari la baraza.

Mtu akianza kuyumba miguu, au vidole vikashindwa kufunga vifungo, au mkojo ukamtoka, apelekwe hospitali siku ile ile, maana hapo uti wenyewe wabanwa. Kadhalika kizunguzungu kijacho ghafula pamoja na mdomo kupinda, maneno kukwama, au upande mmoja kulegea: asingojwe hata saa moja.

Sisi tumebakiwa na ganzi kidogo katika ncha ya kidole gumba. Maneno haya tumeyaandika kwa kalamu, tukapumzika mara nne.