Kahawa Inayoteketea Jikoni

(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya wanachama siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi)



 Waliotutangulia kusema wamekwisha eleza jinsi Chama chetu kilivyoanzishwa, ghala lilivyojengwa, na deni la kwanza lilivyolipwa. Hatuna haja ya kuyarudia, na jua nalo lapanda. Sisi tumepewa na Bodi kazi ya kusema juu ya jambo ambalo halijapata kuandikwa katika ajenda ya mkutano mkuu wowote tangu Chama hiki kizaliwe, nalo ni jambo la jikoni. Tulipokisoma kichwa cha hotuba hii mbele ya Bodi, mzee wetu mmoja alicheka, akauliza kama Katibu amekwisha choka na kahawa. Hasha, hatukuchoka. Ni kahawa hiyo hiyo tunayotaka kuisemea.

Kwa miaka kumi tumebishana juu ya mizani. Sote twajua jinsi mkulima anavyosimama mbele ya karani siku ya kupima, jicho lake lisibanduke. Nusu kilo ikipotea, patakuwa na maneno mpaka jioni. Ni haki yake, na karani asiyependa kutazamwa hatufai. Walakini mkulima huyo huyo, akiisha pokea malipo yake, huenda nazo nyumbani mahali ambapo fedha huteketea kidogo kidogo asubuhi na jioni, wala hapana mizani, wala hapana anayegomba.

Natufanye hesabu pamoja. Tuseme nyumba moja hununua mkaa wa shilingi 1,500 kwa siku. Bei hii tumeitwaa kwa mfano tu. Kila mtu na aweke ya kwake. Kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 45,000. Kwa mwaka mzima ni shilingi 547,500. Sasa mwanachama achukue stakabadhi yake ya msimu uliopita, aitazame bei ya kilo moja ya kahawa ya maganda, aigawe jumla ile kwa bei hiyo, ndipo atakapojua ni kilo ngapi alizolima, alizopalilia, alizochuma na kuzianika, zisipate kumnunulia mtoto daftari wala nyumba bati, bali zikatoka kwa bomba la moshi, kama nyumba ina bomba.

Wako wasemao kwamba mkulima hupoteza hivi kwa sababu hajui. Sisi hatuafiki neno hilo. Mama wa kihamba ajua kuliko afisa yeyote kwamba mkaa wa gunia ni nafuu kuliko mkaa wa kisado, na kwamba jiko zuri lala mkaa kidogo kuliko jiko la bati tupu. Kinachomzuia si ujinga, ni wakati wa fedha. Kahawa hulipwa mara moja au mara mbili kwa mwaka. Chakula hupikwa kila siku. Fedha ya kununua gunia, au jiko, au kujaza mtungi wa gesi, yatakiwa ije kwa mkupuo mmoja, naye mkononi ana shilingi elfu moja na mia tano ya ndizi alizouza sokoni asubuhi. Basi hununua kwa kisado, na kwa kisado hulipa zaidi. Twathubutu kusema kwamba mkaa twaununua leo kama wazee wetu walivyouza kahawa kabla ya mwaka 1925, kila mtu peke yake, kwa kipimo cha mwenye mali. Ndiyo maana mwaka ule walianzisha chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, na mwaka 1933 kikasimama KNCU mahali pake. Dawa waliyoipata kwa kuuza, sisi hatujapata kuitumia kwa kununua.

Zamani shida hii haikuonekana sana, kwa kuwa kuni zilikuwa karibu. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili kandokando ya msitu wa Mlima ili wenyeji wapate kuni na mbao. Watu wakaongezeka, vihamba vikagawanywa kwa wana na wajukuu, na mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipanuliwa hata ikauchukua msitu. Hatusemi kwamba ilikosewa. Maji ya mifereji yetu yatoka huko juu. Twasema tu kwamba mkaa ukapanda kutoka tambarare kuja kujaza pengo, na mkaa ni mali ya hasara tangu kuzaliwa kwake, maana katika tanuri la udongo la desturi zahitajika kilo 5 hadi 10 za kuni kupata kilo moja ya mkaa. Gharama ya miti ile yote imo ndani ya kisado.

Sasa yatupasa kuungama. Baadhi yenu mwakumbuka kwamba katika mwaka wa nne wa Chama tulinunua majiko 60 ya mkaa kwa fedha ya akiba, tukayagawa kwa mkopo. Majiko yenyewe yalikuwa mazuri, ya namna ile yenye kikombe cha udongo wa kuchomwa ndani ya bati. Mafundi wa Kenya waliyatengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga mfano uliotoka Thailand, nayo huweza kupunguza mkaa kwa theluthi moja hata nusu, kwa sababu udongo hushika joto na kulirudisha kwenye sufuria badala ya kuliachia upepo. Hesabu yetu karatasini ilikuwa safi kabisa. Miezi sita baadaye tukapita nyumba kwa nyumba kukusanya deni, tukaona jiko moja limepandwa maua, jingine lina kuku anayeatamia, na mengi yamepasuka.

Tuliwalaumu akina mama. Twasema wazi leo, mbele ya wageni, kwamba tulikosa. Mama mmoja alisimama katika mkutano wa chama chake cha msingi akatueleza, kwa upole kuliko tulivyostahili, kwamba sisi tulilipima jiko kwa shilingi, hatukulipima kwa sufuria yake. Jiko lile lilitosha sufuria ya watu watatu. Yeye hupika machalari ya watu tisa, na siku ya shughuli ni zaidi. Sufuria ikiwekwa juu yake ilipepesuka, na mtoto angaliweza kuungua. Tena hapana aliyemwambia kwamba kikombe cha udongo kikiwa moto hakimwagiwi maji. Alizima makaa kama alivyozoea kuzima siku zote, kikombe kikapasuka. Katika kamati iliyochagua majiko yale walikaa wanaume saba, wala hapakuwa na hata mmoja aliyepata kupika machalari. Fedha iliyopotea ilifutwa katika vitabu mwaka wa sita. Wanaotaka kuiona wataiona katika taarifa ya mkaguzi.

Tangu hapo tumejifunza kuuliza kwanza. Tulipouliza, tuliambiwa mambo ambayo hayagharimu hata senti, tukaona haya kwamba hatukuyajua. Maharage yaliyolowekwa tangu usiku huiva kwa moto mchache kuliko yaliyotiwa makavu. Sufuria iliyofunikwa haipotezi joto jingi kwa mvuke. Kuni mbichi hula sehemu ya moto wake kujikausha zenyewe, na moshi wake ndio ule uumizao macho na vifua vya watoto wachanga walio mgongoni. Kuni zilizopasuliwa zikakaa darini juu ya jiko kwa majuma kadhaa huwaka kwa moto mweupe. Matawi ya mibuni tunayoyapogoa kila mwaka, ambayo wengine huyachoma shambani ili kusafisha, ni kuni nzuri sana. Na mama mmoja alituonyesha kapu lake kubwa, ametandika ndani nguo kuukuu na majani makavu ya mgomba. Wali ukiisha chemka na maji yakikaribia kukauka, huitia sufuria kapuni, huifunika kwa mto, akaenda zake bustanini. Akirudi, wali umeiva na jiko limekwisha poa. Tulidhani ni mzaha mpaka tulipokula.

Juu ya umeme hatutasema mengi, kwa kuwa si nyumba zote zinao, lakini walio nao wana hasara moja ambayo twaona yapita bila kutazamwa. Katika bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mtumiaji mdogo aliwekewa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo, kabla ya kodi na tozo. Uniti 75 zikawa shilingi 7,500. Uniti 90 zikawa shilingi 12,750. Yaani zile 15 za juu zilizidi nusu ya bei ya 75 za kwanza. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku hula uniti 9 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9, yenye mwanga usiopungua, haifiki uniti moja na nusu. Nyumba yenye balbu nne za zamani hutumia uniti 36 kwa taa peke yake, na kwa mpya haifiki 6. Tena tumeona vihambani baba na wana wawili wakitumia mita moja kwa sababu nyumba zimekaribiana. Kila nyumba peke yake ingekaa chini ya kipimo; zote pamoja hupanda ngazi ya bei kubwa, kisha hugombana wakidhaniana wizi. Kila mmoja na achunguze stakabadhi zake za LUKU kabla ya kumlaumu ndugu yake.

Twaja kwenye bayogesi, ambayo wengi mmetuuliza. Ni kweli kwamba ng'ombe wawili wa kufugwa ndani waweza kupikia nyumba. Kilo moja ya samadi mbichi hutoa kadiri ya lita 40 za gesi. Anayekusanya kilo 25 kwa siku, akizikoroga na maji kiasi hicho hicho, hupata gesi ya kuwasha jiko kwa saa mbili na zaidi. Tope linalotoka ni mbolea njema ya migomba na mibuni. Kituo cha CAMARTEC, Arusha, kimefunza mafundi wa kujenga kuba hizi chini ya ardhi, na mtambo uliojengwa vema hudumu miaka mingi. Lakini twawatahadharisha wenye ng'ombe mmoja, au wenye ng'ombe ambaye kila Januari hutazamwa kwa jicho la karo ya shule. Tumeona mtambo mzuri ukisimama tupu kama kaburi kwa kuwa ng'ombe waliuzwa, na deni la ujenzi likabaki likidai. Aliye katika hali hiyo asikope. Jiko bora la kuni litamtosha kwa sasa.

Serikali nayo, katika mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024, imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Lengo ni jema. Ila mkakati hauji na fedha mkononi mwa kila mama, na hapa ndipo tunapoona kazi ya Ushirika.

Bodi yaleta mbele yenu pendekezo hili, mlijadili katika vyama vya msingi kabla ya mkutano mkuu ujao. Chama Kikuu kinunue kwa jumla, kwa bei ya jumla, vitu vinne: majiko bora ya kuni na ya mkaa yenye ukubwa wa sufuria zetu, balbu za LED, mitungi ya gesi, na kwa walio na umeme wa kutosha, sufuria za umeme za presha, ambazo hupika maharage ya nyumba kwa umeme usiofika uniti moja. Mwanachama achukue anachohitaji sasa, na bei yake ikatwe kidogo kidogo katika malipo ya pili kwa misimu miwili, pasipo riba, ila gharama ya usafiri. Kwa njia hiyo fedha ya kahawa ijayo mara moja italipia kitu kinachopunguza matumizi ya kila siku.

Twajua neno litakalosemwa. Makato yamekwisha kuwa mengi, na mwanachama huogopa kila jipya. Hofu hiyo ni halali, hasa baada ya majiko 60. Kwa hiyo Bodi imekubali masharti mawili. La kwanza, hapana atakayekatwa asiyejiandikisha, na jina lisilo na sahihi halitapokelewa, hata likiletwa na mwenyekiti wa chama cha msingi. La pili, hapana jiko litakalonunuliwa kabla ya kujaribiwa hadharani. Jumamosi ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi, wauzaji watatu wataleta majiko yao penye uwanja wa ghala. Twawaomba akina mama waje na sufuria zao wenyewe, zile kubwa, na ndizi na maharage yatatolewa na Chama. Kuni na mkaa vitapimwa kwa mizani ya kahawa, kabla na baada ya kupika, na karani atasoma uzito kwa sauti. Watakaochagua ni wapishi. Wajumbe wa Bodi watakuja kula na kuosha vyombo.

Karatasi za kujiandikisha ziko kwa makatibu wa vyama vya msingi tangu leo. Mtaona zina nafasi mbili za sahihi, moja ya mwanachama, na moja ya yule apikaye katika nyumba yake. Karatasi yenye sahihi moja tutairudisha.