Filamu ya Eksirei na Skana: Nakala Iseme Kweli

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Eldoret)

Ombi lenu lilikuwa fupi: tueleze juu ya ile mashine ya kunakili picha za hospitali kwa kompyuta, na kama kikundi kinaweza kununua moja. Nitajibu yote mawili. Lakini kwanza tuelewane kwa nini jambo hili linawahusu watu wetu.

FILAMU YA ZAMANI NI MALI

Katika nyumba nyingi huku kwetu, kutoka Turbo hadi Burnt Forest, kutoka Iten hadi Kapsabet, kuna bahasha kubwa juu ya kabati au chini ya godoro. Ndani yake mna filamu ya eksirei. Mgonjwa alipewa hospitalini aende nayo nyumbani, akaiweka hapo. Miaka ikipita filamu inapata unyevu, zingine zinashikamana, zingine watoto wanazichezea. Tena filamu hizi zina madini ya fedha ndani yake, kwa hiyo wako wafanyabiashara wanaozinunua ili wayatoe. Msiuze.

Sababu ni hii. Mtu aliyeugua kifua kikuu akapona anaweza kubaki na kovu kwenye pafu. Miaka kumi baadaye akikohoa na kupigwa picha mpya, daktari anaona doa. Je, ni kovu la zamani? Ni ugonjwa umerudi? Ama ni jambo lingine, kama kansa? Picha moja peke yake mara nyingi haitoi jibu. Zikiwekwa mbili pamoja, ya zamani na ya sasa, zinasema mengi. Doa ambalo halijabadilika kwa miaka mingi si sawa na doa ambalo limekua.

Mgonjwa asiye na picha ya zamani anatumwa vipimo vingine, nauli juu ya nauli, pengine ng'ombe anauzwa. Anaweza kuanzishiwa dawa za miezi 6 ambazo hakuzihitaji. Na lililo baya zaidi, ugonjwa mpya unaweza kudhaniwa ni kovu tu, na wakati ukapotea.

Si shida ya watu wachache. Uchunguzi wa kifua kikuu uliofanywa nchi nzima mwaka 2015 hadi 2016 ulikadiria kwamba watu wazima 558 katika kila 100,000 walikuwa na ugonjwa huo. Baadhi yao hawakuwa na dalili zile walizoulizwa. Ni picha ya kifua iliyowafichua.

Wala msiseme kompyuta ni mambo ya Nairobi. Mwaka 2001, pale Mosoriot, kituo cha afya cha mashambani karibu na hapa, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianza kuweka habari za wagonjwa katika kompyuta. Kazi hiyo ilisaidia kuzaa programu inayoitwa OpenMRS, iliyoanza mwaka 2004, ambayo leo inatumika bure katika nchi nyingi. Kwa hiyo huku kwetu tulianza mapema.

SKANA YA FILAMU NI KITU GANI?

Skana ya kawaida ya ofisi hupiga mwanga juu ya karatasi na kuusoma unaporudi. Filamu ya eksirei haisomwi hivyo. Mwanga lazima upite ndani yake, kama vile daktari anavyoiinua kwenye dirisha. Kwa hiyo skana ya filamu ina taa upande mmoja na jicho la kusoma upande wa pili. Ukiweka filamu kwenye skana ya karatasi utapata kitu cheusi tu, na usilaumu mashine.

Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya hospitali, inayomeza filamu kwa magurudumu na kuitoa chini. Ya pili ni ya kulala mezani, yenye taa ndani ya kifuniko. Angalia ukubwa: filamu ya kifua ya mtu mzima huwa sentimita 35 kwa 43, na skana nyingi za mezani ni ndogo kuliko hiyo.

KUIWEKA: HATUA KWA HATUA

1. Soma kibandiko cha umeme. Vitu vya msaada kutoka Marekani vingine ni vya volti 110. Stima yetu ni volti 240. Kama kibandiko hakionyeshi 240, usichomeke. Tumia pia stabilaiza, maana stima yetu hupanda na kushuka.

2. Weka mashine kwenye meza isiyotikisika, mbali na dirisha lenye jua na mbali na mlango unaoleta vumbi la barabara.

3. Fungua kufuli. Skana nyingi za mezani zina kitufe au skrubu chini yake, inayoshikilia sehemu za ndani wakati wa safari. Usipoifungua, mashine italia kama gia ya matatu iliyokataa kuingia, na inaweza kuvunjika.

4. Weka programu kwenye kompyuta kwanza, waya baadaye, isipokuwa kitabu cha mashine kinasema vingine. Ukitanguliza waya, kompyuta inaweza kuchukua programu isiyo yake.

5. Ondoa ule ubao mweupe ulio ndani ya kifuniko, kama upo. Ukiuacha unaziba taa ya filamu.

6. Washa na usubiri taa ipate moto. Skana zenye taa za zamani za mrija zinahitaji dakika chache. Ukiharakisha, picha ya kwanza na ya tano hazitafanana.

7. Katika programu chagua filamu, si karatasi. Kisha chagua "positive", si "negative", ili mifupa ibaki myeupe kama ilivyo kwenye filamu. Chagua rangi ya kijivu, yenye ngazi nyingi kadiri mashine inavyoweza. Faili ya biti 8 ina ngazi 256 tu kati ya weusi na weupe. Ya biti 12 ina 4,096. Ugonjwa mdogo hujificha katikati ya ngazi hizo.

8. Kwa picha ya kifua, nukta 150 kwa kila inchi kwa kawaida zinatosha. Filamu moja kubwa itakuwa kama megabaiti 10. Ukitumia nukta 300 itapita megabaiti 40, na kompyuta ndogo itachoka. Filamu za matiti zinahitaji mashine maalum. Hizo waachieni hospitali kubwa.

9. Zima marekebisho yote ya kujiendesha. Hapa nataka msikie vizuri. Programu nyingi zina kitufe cha kufuta vumbi na mikwaruzo. Kwa picha ya harusi ni kizuri. Kwa picha ya pafu, programu haijui vumbi ni lipi na ugonjwa ni upi. Inaweza kufuta kijidoa kile kile ambacho daktari anakitafuta.

10. Hifadhi faili bila kuibana. Ukitumia JPEG iliyobanwa sana, habari zinapotea na hazirudi. TIFF ni salama. Hospitali zina mtindo wao uitwao DICOM, wenye jina hilo tangu mwaka 1993, ambao hushika picha pamoja na jina la mgonjwa, namba yake na tarehe katika faili moja. Kama programu yenu inaweza kutoa DICOM, hiyo ndiyo bora.

IKIKATAA KUFANYA KAZI

Kompyuta haioni skana. Angalia stima na waya kwanza. Badilisha tundu la waya. Zima vyote viwili, washa skana, halafu kompyuta. Ikikataa bado, huenda mashine ni kuukuu na mtengenezaji hakuandika programu ya kompyuta za siku hizi. Mkipewa msaada wa skana, ulizeni jambo hili kabla ya kuisafirisha. Programu nyingine, kama VueScan, inasaidia skana nyingi zilizoachwa. Ama wekeni kompyuta ya zamani kwa kazi hiyo peke yake, isiunganishwe na intaneti.

Mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini, kwenye kila picha. Ni vumbi mahali mashine inapojipima kabla ya kusoma. Kwenye skana za mezani kuna sehemu ya kioo ambayo haitakiwi kufunikwa na kitu. Futa kwa kitambaa laini kisicho na manyoya, na usiweke filamu juu yake. Usimwagie kioo maji.

Picha nyeusi yote. Taa ya kifuniko haijaunganishwa, au programu imebaki kwenye karatasi.

Mifupa ni nyeusi. Umechagua "negative". Rudia.

Filamu imekwama kwenye magurudumu. Usivute kwa nguvu. Zima, fungua mlango kama kitabu kinavyoonyesha. Filamu iliyojikunja au yenye gundi ya selotepu isiingizwe kabisa.

Filamu yenyewe imekuwa ya manjano. Hiyo si kosa la skana. Mara nyingi haikuoshwa vya kutosha siku ilipotengenezwa. Nakili mapema, kwa sababu itaendelea kuharibika.

JINA, UPANDE, TAREHE

Haya yote ni ya ufundi, na fundi atayarekebisha. Lakini kuna kosa ambalo mashine haiwezi kulionyesha, nalo ni picha nzuri sana ya mtu asiye yeye.

Mwaka 2018 nchi nzima ilisikia habari ya wagonjwa wawili katika hospitali moja kubwa ya Nairobi. Majina yalibadilishana, na yule ambaye hakuhitaji upasuaji ndiye aliyepasuliwa kichwa. Hapakuwa na ubovu wa kisu wala wa taa. Lilikuwa ni jina tu.

Kwa hiyo, kabla ya kunakili filamu yoyote, soma jina lililo juu ya filamu yenyewe, si lile la bahasha. Bahasha hubadilishana. Katika boma moja wanaweza kuwa akina Cheruiyot watatu na akina Wanjiku wawili, basi andika namba ya hospitali na mwaka wa kuzaliwa pia. Tafuta herufi ya upande, L kwa kushoto na R kwa kulia. Filamu ni kama kioo cha dirisha, ukiigeuza bado inaonekana sawa. Mtu akiwa na maji upande mmoja wa kifua, na picha imegeuzwa, sindano itaingia upande usiofaa. Usitegemee moyo peke yake kukuonyesha kushoto, kwa sababu wako watu wachache ambao moyo wao uko kulia. Kama herufi haipo, andika "upande haujulikani". Usibahatishe. Na tarehe iwe ya siku picha ilipopigwa, si ya siku iliponakiliwa.

Ukimaliza, mtu wa pili akague nakala na filamu pamoja. Halafu filamu irudi kwa mwenyewe. Nakala haichukui nafasi yake.

JE, KIKUNDI KINUNUE?

Ushauri wangu ni hapana. Mashine itakaa bure siku nyingi, na vipuri vyake havipatikani hapa mjini kirahisi. Ni afadhali mkubaliane na kituo cha afya ambacho tayari kina kompyuta na mtu wa kuisimamia. Kikundi kinaweza kuchangia stabilaiza au nauli ya wagonjwa. Tena habari za ugonjwa ni siri ya mtu, na sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu inaziweka kati ya zile za kulindwa zaidi. Hatutaki ziwe kwenye kompyuta ya chama.

Kazi yenu iko nyumbani. Filamu zihifadhiwe zikiwa zimesimama wima, mahali pakavu, mbali na moshi wa jikoni. Kila bahasha iandikwe vizuri. Na mtu akiitwa Moi Referral au kwingine, mkumbusheni: "Umebeba picha ya zamani?" Ukipiga filamu kwa simu dirishani na kuituma kwa WhatsApp, hiyo ni ya kuomba shauri la haraka tu. Matibabu yasiamuliwe kwa picha hiyo. Wala kikundi kisijaribu kuisoma filamu. Hiyo ni kazi ya waliosomea.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba ngapi zilizo na filamu za zamani, na zimewekwa wapi?

2. Nani ataongozana na wazee wanaoitwa hospitali, ili wasisahau bahasha zao?

3. Ni kituo gani cha afya tunachoweza kwenda kuzungumza nacho mwezi huu, na nani atakwenda?