Kazi ya Felti: Tuanze na Sufu Kabla ya Kondoo

Hotuba ya Katibu mbele ya mkutano wa wanachama, Makongolosi



Hotuba za kuisifu miaka kumi ya Chama chetu zimekwisha kutolewa na wakubwa wangu, nazo zimetosha. Mimi nimepewa jambo dogo, lakini linahusu fedha zenu. Akina mama wa vyama vya msingi wameomba wafundishwe kazi ya mikono ya kufanya wakati wa kiangazi, tumbaku ikiwa imekwisha kwenda sokoni na mabani yamepoa. Kazi waliyoitaja ni ya felti. Papo hapo wanachama wengine wakatoa hoja kwamba Chama kinunue kondoo wa sufu, ili mali ya kufanyia kazi hiyo itoke mikononi mwetu wenyewe. Hoja ya kwanza naiunga mkono kwa moyo wangu wote. Ya pili nawaombeni muiweke kando, na sababu zake nitazieleza.

Felti ni kitambaa cha sufu kisichosokotwa uzi wala kufumwa. Ndugu zetu Waganda hulitwanga gome la mti wa mtuba mpaka likawa nguo. Hakuna uzi, hakuna kitanda cha mfumi. Felti ni jamaa ya nguo hiyo, ila badala ya gome ni sufu, na badala ya nyundo ni maji ya moto, sabuni na viganja vya mikono. Wafugaji wa Mongolia hufunika mahema yao kwa felti hata leo, na katika makaburi ya milima ya Altai, huko Siberia, barafu ilihifadhi vitu vya felti vilivyozikwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Lakini hatuna haja ya kufika Siberia ili kuijua. Kila aliyeipanda milima ya Chunya kwenda Mbeya mwezi wa Juni anajua faida ya sweta, na si ajabu humu ndani yumo aliyepata kulifua sweta la sufu kwa maji ya moto, akalianua likimtosha mtoto wake tu. Alihesabu hasara. Kumbe alikuwa ametengeneza felti.

Sababu yake ni hii. Unywele wa sufu umevikwa magamba madogo mno yasiyoonekana kwa macho, yaliyopangwa kama vigae vya paa, yote yakielekea nchani. Ukiutia katika maji ya moto yenye sabuni, magamba hufunguka, na ukiusugua hutambaa kuelekea upande mmoja. Kurudi hauwezi, kwani magamba ya jirani yake yameushika. Nywele maelfu zikisukumana hivyo, hushikamana zikawa kitu kimoja. Ndiyo maana sweta lililokwisha kujikunja halinyooshwi tena, hata ulivutwe na watu wawili.

Sasa nirudi kwenye kondoo. Kondoo wetu wenye mkia wa mafuta ni wanyama wema kwa nyama na kwa kuvumilia jua, lakini miilini wamevaa nywele, wala si sufu ya kazi hii. Wale wa sufu nyingi, kama Merino, ni wa kuagizwa, nao hawakubali kila nchi. Lord Delamere, Mwingereza aliyelowea Njoro katika Kenya, aliagiza majike 500 ya Merino kutoka New Zealand mwanzoni mwa karne ya 20. Karibu wanne katika kila watano wakafa upesi. Na Njoro, ndugu zangu, ni nchi ya baridi na malisho mazuri, na bwana huyo alikuwa na mali ya kupoteza. Makongolosi ni nchi ya joto na miombo, na fedha tunayoizungumzia ni hisa za watu wanaolima ekari mbili za tumbaku.

Sisemi kwamba sufu haikufaulu kabisa katika Afrika Mashariki. Baadaye ilishika mizizi huko huko Kenya, katika nyanda za juu kama Molo na kandokando ya Mlima Kenya. Mjini Nanyuki wanawake walianzisha kikundi cha kusokota na kufuma sufu mwaka 1977. Lakini tazameni utaratibu wao: sufu ilikuwa jirani, wakaifuata kwa mikono yao. Sisi tunataka kuanza na zizi, tabibu wa mifugo na dawa ya kuogesha, na hali hatujajua kama kuna mtu mmoja atakayenunua ndara moja.

Basi sufu yetu itoke wapi? Itoke sokoni Mbeya, katika marobota ya mitumba. Masweta ya sufu yaliyotoboka, ambayo hakuna atakayeyavaa tena, ndiyo shamba letu la kwanza.

Mnunuzi awe na macho. Masweta mengi siku hizi ni ya nyuzi za viwandani, na hayo hata ukiyachemsha mpaka Krismasi hayatashikana. Jaribio lake ni rahisi. Chomoa uzi mmoja, ushike kwa kibanio juu ya bakuli la maji, uuguse moto. Uzi wa sufu huwaka kwa shida, hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Uzi wa kiwandani huyeyuka ukawa kitone kigumu. Hata hivyo yapo masweta ya sufu halisi yaliyotiwa dawa kiwandani ili yafuliwe bila kujikunja. Hayo jaribio la moto halitayafichua. Kwa hiyo, kabla ya kununua rundo, nunueni moja na kulisugua kwanza.

Kazi yenyewe haina siri. Kata mikono na ukosi, utie vipande katika beseni la maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia kwa shida, pamoja na vipande vyembamba vya sabuni ya mche. Sugua, kanda, pigapiga, kama mtu afuaye nguo akiwa na hasira kidogo. Maji yakipoa ongeza ya moto. Baada ya nusu saa hivi kata ukingo kwa mkasi: nyuzi zikifumuka, endelea, zisipofumuka, felti imekuwa. Hapo suuza, kamua, nyoosha juu ya ubao na kuanika kivulini. Kipande kitapungua, pengine hata theluthi, na kitanenepa. Kinafaa kwa nyayo za ndara, vishikio vya sufuria, mikoba na kofia.

Mwenye kupata sufu ghafi, iliyooshwa na kuchanuliwa, atafanya namna nyingine. Ataitandaza tabaka jembamba, nywele zikielekea upande mmoja, na juu yake tabaka la pili zikikatiza, na la tatu tena kama la kwanza. Ataifunika kwa kitambaa chepesi cha pazia, ainyunyizie maji ya moto ya sabuni na kuipapasa taratibu kwanza, maana ukianza kwa nguvu tabaka hukimbiana. Ikishaanza kushikana, huviringishwa ndani ya mkeka na kusukumwa mbele na nyuma, mara nyingi, ikigeuzwa kila upande. Mkeka wa ukindu unatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Hapa sina budi kutaja maji, jambo ambalo watu wa nchi za mvua hawalifikirii. Kiangazi ndipo tunapopata nafasi, na kiangazi ndipo visima vyetu hupungua. Napendekeza kila kundi lifanye kazi pamoja siku moja ya juma, maji ya kusuuza ya leo yawe maji ya kusugulia kesho yake, na yaliyochakaa yamwagwe mbali na kisima. Kuni nazo zipimwe. Miti yetu imekwisha kuliwa vya kutosha na mabani.

Iko namna ya tatu isiyotaka maji hata tone, nayo ni ya sindano. Sindano hii si ya kushonea. Mwilini mwake ina mikato midogo kama meno, imeelekezwa chini, hata ikiingia katika sufu huzisukuma nywele ndani, na ikitoka haizirudishi. Viwanda vilitumia sindano hizo kwa maelfu katika mashine tangu karne ya 19. Mafundi wa mkono walizianza miaka ya 1980 huko Marekani, wakitajwa David na Eleanor Stanwood. Mtu huchukua donge la sufu, huliweka juu ya kipande nene cha sponji, hulichoma mara mamia, na donge hukazana likawa ndege au tembo kama apendavyo. Ni kazi nzuri, ila inataka sufu isiyosokotwa, na sindano zenyewe ni za kuagizwa. Tena huvunjika upesi zikiingizwa mshazari, kwa hiyo zishuke wima na kupanda wima. Macho yaifuate ncha, vidole vikae mbali, na watoto wasiachiwe. Kwa maoni yangu tuiache mpaka mwaka wa pili.

Mwisho ni hesabu, na hapa natumaini mtaniruhusu kusema kama Katibu. Kila kundi liwe na daftari moja: bei ya sweta, sabuni, nauli ya Mbeya, saa za kazi, na bei iliyolipwa na mnunuzi. Vitu vipangwe kwa madaraja kama tupangavyo majani ya tumbaku, jozi ya ndara iwe na unene mmoja, na kilicho hafifu kisichanganywe na kizuri, maana mnunuzi hukumbuka kilicho hafifu. Madaftari hayo yatasomwa katika mkutano mkuu baada ya kiangazi mbili. Yakionyesha faida, hoja ya kondoo na iletwe upya, na siku hiyo swali la kwanza litakuwa kama wafugwe hapa au sufu inunuliwe kwa watu wa nchi ya baridi.

Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano upige kura juu ya mambo mawili tu: Chama kikopeshe kila kundi mabeseni na fedha za rundo moja la masweta, na hoja ya kondoo iahirishwe hadi hapo. Maji ya moto yako tayari nyuma ya ghala, na akina mama wanaotaka kujaribu wanakaribishwa mara tu kura zikimalizika kuhesabiwa.