Njia ya Machozi ya Punda: Kwa Nini Ujuzi wa Farasi Hautoshi

Hoja ya mada hii ni kwamba jicho la punda na njia yake ya machozi vifundishwe kwa kumtazama punda mwenyewe, kabla hatujategemea mashine za picha. Vitabu vingi vya tiba vimeandikwa kwa kumfuata farasi, na punda akaingizwa humo kama farasi mdogo. Kwa sehemu kubwa hakuna madhara. Kwa wote wawili, tezi kuu ya machozi imekaa juu ya jicho, upande wa nje, chini ya mfupa wa paji. Machozi husambazwa kwenye konea kila mnyama anapopepesa, huingia katika vitundu viwili vya pembe ya ndani, kimoja ukope wa juu na kingine wa chini, hukusanyika katika kifuko kidogo, kisha hupita mfereji ulio ndani ya mfupa na kutokea puani.

Tofauti iko mwisho wa njia hiyo. Kwa farasi, tundu la kutokea liko sakafuni mwa pua, karibu na mpaka wa ngozi na utando laini, na kurunzi hulionyesha upesi. Kwa punda liko juu zaidi, ndani ya ubawa wa pua. Anayelitafuta chini hatalipata, na anaweza kuamua kwamba mnyama kazaliwa bila tundu au mfereji umeziba kabisa. Basi hata tiba nyepesi ya kupitisha katheta nyembamba na kusafisha mfereji kwa maji ya chumvi haifanyiki. Machozi yanaendelea kuchuruzika shavuni, inzi wanavutwa na unyevu, na inzi hao huweza kuacha viluwiluwi vya minyoo ya habronema vinavyozalisha vidonda kwenye pembe ya jicho.

Wapo watakaosema tofauti hii ni ndogo na mashine itaifichua. Lakini kila picha ina mipaka yake. Ultrasaundi huonyesha lenzi na retina hata konea ikiwa na ukungu, ila haiufuati mfereji ndani ya mfupa, kwa sababu mfupa huzuia mawimbi ya sauti. Eksirei ya kawaida haiuonyeshi mfereji vizuri mpaka ujazwe dawa yenye ayodini. CT skani ndiyo huonyesha vyema mfereji pamoja na mizizi ya magego na mianya ya fuvu iliyo jirani. Hata hivyo, dawa ikipitishwa kutoka puani, lazima tundu lijulikane kwanza.

Wengine watauliza CT skani inamfaa nini daktari wa mifugo wa Lamu, ambako punda ndio wabebaji wa mizigo vichochoroni. Inamfaa, kwa kuwa picha za vichwa vichache, popote zilipopigwa, humfundisha mwenye kurunzi pahali pa kutazama. Akidondoshea jichoni rangi ya fluoresini, ajue ni wapi puani aisubiri. Ikitokea, njia iko wazi. Isipotokea, hilo peke yake halithibitishi kuziba, ila linamwelekeza kusafisha mfereji. Punda huficha maumivu, hivyo shavu lenye unyevu linastahili uchunguzi siku ileile. Napendekeza kila mafunzo ya tiba ya wanyamakazi yawe na kichwa cha punda mezani, na kila mwanafunzi alitafute tundu hilo kwa mkono wake kabla ya kusomeshwa picha.