Taa Isimwache Anayekokota

(Maneno tuliyoyatoa Goweko mbele ya kamati za maendeleo za parokia na wageni wetu wafadhili)



Tumeombwa kueleza kazi ya taa za baiskeli: ilikofikia na inakokwenda. Tutaanza na kosa letu, kwa sababu kosa hilo ndilo lililotufundisha. Tena fedha mlizochanga ni zenu, mna haki ya kulijua.

Kosa letu

Tulipoanza tuligawa dainamo na taa za mbele. Tuliona ni msaada mzuri kuliko yote. Hakuna betri ya kununua, hakuna mafuta, hakuna kusubiri umeme. Anayekanyaga pedali anapata mwanga, na anayeongeza mwendo anaongeza mwanga. Tulipiga picha, tukaziweka katika gazeti letu hili, tukadhani kazi imekwisha.

Kisha usiku mmoja mwenzetu wa jumuiya alipata pancha njiani, akiwa na magunia mawili ya mkaa kwenye kerea. Akashuka, akaanza kukokota. Dainamo yake ilikuwa nzima na taa yake nzima, lakini gurudumu lilizunguka polepole mno kuiwasha. Nyuma hakuwa na taa kabisa. Lori likamgonga. Mungu alimhifadhi uhai, ila mguu wake haujarudi kuwa kama zamani. Tulipokwenda kumwona hakutulaumu. Alisema tu kwamba taa yetu huwaka mtu anapokimbia, na yeye usiku ule hakuwa anakimbia.

Tulirudi nyumbani na neno hilo. Ndilo tunalowaletea leo.

Njia ya watu wenye mizigo

Upande huu wa nchi umezoea watu wanaosafiri gizani. Misafara ya kutoka Bagamoyo ilivuka Ugogo na pori la Mgunda Mkali ndipo ikafika Unyanyembe. Burton na Speke walifika Tabora Novemba 1857, wakati huo wao wakipaita Kazeh. Wapagazi wa Kinyamwezi waliamka kabla ya alfajiri ili jua lisiwakute na mizigo. Penye shida ya maji walifanya terekeza, yaani waliondoka mchana wakaenda mpaka giza, wakalala bila maji ili kesho wayafikie mapema. Kirangozi alitangulia na bendera, nao wenye mizigo mizito wakamfuata nyuma.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Mizigo mikubwa ikapanda treni, lakini mizigo ya mtu wa kawaida haikupanda. Baadaye ilihamia kwenye baiskeli. Asali, mkaa, mahindi ya kusaga, madumu ya maji, hata mgonjwa wa kupelekwa zahanati, vyote hukaa juu ya kerea. Nasi tuko karibu na ikweta: jua likizama, giza halichelewi. Mtu aliyeondoka gulioni jua bado lipo hufika kwake usiku.

Kwa nini taa hufuata mwendo

Tuelewe kwanza kifaa chenyewe. Ndani ya dainamo mna sumaku na waya uliozungushwa. Kigurudumu chake kidogo husuguana na tairi. Gurudumu la baiskeli likizunguka mara moja, kile kidogo huzunguka kama mara 30. Sumaku ikizunguka, umeme hutokea kwenye waya, na ikizunguka kwa kasi zaidi volti hupanda. Dainamo ya kawaida imepimwa kutoa volti 6 na wati 3 mtu akienda kama kilomita 15 kwa saa. Akikokota kwa mwendo wa miguu hupata sehemu ndogo tu ya hizo. Akisimama hapati kitu.

Balbu ya zamani yenye uzi ilikuwa na shida zaidi. Kwa mwendo mdogo uzi ulikuwa mwekundu tu kama kaa la moto, na kwenye mteremko uliungua. Tena balbu moja ikiungua, umeme wote ulikwenda kwenye ile ya pili, nayo ikafuata.

Taa za LED zimebadilisha mambo. LED nyekundu huhitaji volti kama 2 tu na umeme kidogo sana, kwa hiyo huwaka mapema balbu ikiwa bado giza. LED nyeupe zilikuja baada ya wataalamu wa Japani kufanikiwa kutengeneza ya bluu yenye mwanga mkali mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi iliyopewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Wageni wetu wametuambia kwamba kwao vijana hufunga LED chini ya mbao za magurudumu, na mwanga hubadilika kadiri kijana anavyokimbia. Si mchezo wa Ulaya na Marekani tu. Kampala, mtaa wa Kitintale, vijana wana uwanja wa mbao hizo tangu mwaka 2006. Tunawapongeza, maana ufundi ni uleule. Lakini katika mchezo, mwanga unaofuata mwendo ni mapambo na furaha. Hapa kwetu anayepunguza mwendo ndiye aliye hatarini zaidi. Ana mzigo, ana pancha, ni mzee, au anapanda kilima.

Fikirini dereva wa lori anayekwenda kilomita 80 kwa saa. Kila sekunde anapita mita 22. Akichukua sekunde moja na nusu kushtuka na kukanyaga breki, amekwisha kwenda mita 33 lori likiwa halijapunguza chochote. Mtu mwenye nguo za giza na gunia la mkaa haonekani mpaka amekuwa karibu mno. Taa ndogo nyekundu huonekana mbali sana kabla ya hapo.

Tulivyorekebisha

Mafundi baiskeli wetu wamefanya mambo manne.

Kwanza, wameweka taa ya nyuma kabla ya ile ya mbele. Ya mbele humsaidia mtu kuona shimo. Ya nyuma humsaidia aonekane, na shimo haliui kama lori.

Pili, wameongeza akiba. Umeme wa dainamo hupita kwenye dayodi nne ili uende upande mmoja, kisha huingia kwenye kapasita ya faradi 1 na volti 5.5, pamoja na dayodi ya zena ya kuizuia isijae kupita kiasi. LED moja nyekundu hufungwa na risista ya omu 150. Mtu akisimama, taa ya nyuma huendelea kuwaka dakika 4 au 5, ikififia polepole. Hizo zinatosha kutoka barabarani, kushusha mzigo na kujisogeza kando.

Tatu, kila baiskeli hupata kiakisi mwanga chekundu nyuma, na vingine kwenye pedali. Hivi havihitaji umeme wala mwendo. Kama kamati haina fedha ya kitu kingine, ianze hapa.

Nne, wanafundisha matunzo. Mchanga wetu hula kigurudumu cha dainamo, na mvua hukifanya kiteleze juu ya tairi. Kifutwe, kikazwe, waya zifungwe vizuri kwenye fremu zisikatwe na magunia.

Hatusemi kwamba dainamo ndiyo dawa ya kila mtu. Anayesafiri usiku mara chache atatosheka na taa ndogo ya sola aliyoianika mchana, akiifunga nyuma. Dainamo ni ya yule ambaye kila wiki anarudi gizani na hana uhakika kama alikumbuka kuianika.

Tunachowaomba

Wafadhili wapendwa, msituletee taa nyingi zilizokwisha tengenezwa. Zikiharibika hakuna wa kuzifungua, na tutabaki na masanduku ya plastiki. Tunaomba vyuma vya kulehemu, vipima umeme, dayodi, kapasita na posho ya mafunzo kwa mafundi wetu wa chini ya miembe. Fundi mmoja aliyejua kazi atahudumia kijiji miaka mingi baada ya mradi kufungwa.

Wanakamati, kwenu tunaomba mawili. Mwenye baiskeli achangie kitu, hata kidogo, maana cha bure hakitunzwi. Na orodha ya watakaoanza isiandikwe kwa kujuana. Waanze wanaobeba mizigo mizito na wanaorudi usiku zaidi: wachoma mkaa, akina mama wa gulioni, makatekista wa vigango vya mbali. Msiwasahau wasio na baiskeli, wanaotembea kwa miguu kando ya barabara hiyohiyo. Kipande cha kiakisi mwanga kwenye kikapu au kwenye fimbo ya mzee hakigharimu kiasi cha kutushinda.

Sote tunaujua mfano wa wanawali kumi. Tumezoea kuuhubiri kuhusu mafuta ya akiba, nasi tumeuhubiri hivyo mara nyingi. Lakini tulipogawa dainamo zisizo na akiba, tuliwapeleka wenzetu njiani na taa za wale watano wapumbavu. Taa zilikuwapo, cha saa ya kungoja hakikuwapo.

Mwenzetu yule aliyevunjika mguu sasa ameanza tena kukanyaga baiskeli, taratibu. Yeye ndiye aliyeijaribu taa mpya ya kwanza. Alisimama pale karibu na stesheni gizani, nasi tukarudi nyuma tukihesabu hatua mpaka tukachoka, na ule wekundu tulikuwa bado tunauona. Hakuwa anakimbia.