Namna Seli za Gamba la Kuona Zinavyoitikia Ruwaza

Gamba la kuona lipo kisogoni, nyuma kabisa ya ubongo. Ni tabaka la seli za neva lenye unene wa takriban milimita 2, nalo hupokea habari za macho baada ya kupita katika thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo. Habari hizo hazifiki zikiwa picha. Hufika zikiwa mipigo midogo ya umeme, katika nyuzi zipatazo milioni 1 kwa kila jicho.

Mwaka 1953 Stephen Kuffler alichunguza macho ya paka na kuonyesha kwamba kila seli inayotoa habari kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru, husimamia sehemu ndogo tu ya kinachoonekana, yaani eneo pokezi lake. Eneo hilo ni duara. Nuru ikianguka katikati huichangamsha seli, ikianguka pembezoni huinyamazisha. Kwa seli nyingine huwa kinyume. Nuru iliyoenea sawasawa, hata iwe kali, huziamsha seli hizo kidogo tu. Kinachozichangamsha hasa ni tofauti kati ya nuru na giza.

Katika maabara ya Kuffler, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, David Hubel na Torsten Wiesel walianza mwaka 1958 kusikiliza seli za gamba lenyewe kwa elektrodi nyembamba. Waliwaonyesha paka vidoa vya nuru na vya giza, na seli hazikujali. Kisha, walipokuwa wakichomeka kipande cha kioo kwenye projekta, seli moja ikalipuka kwa mipigo mfululizo. Kidoa kilichokuwa juu ya kioo hakikuhusika hata kidogo. Seli iliitikia kivuli chembamba cha ukingo wa kioo, kilipopita kikiwa kimelala kwa mwinamo fulani. Hapa ndipo elimu ya kuona ilipogeuka: seli ya gamba huulizia umbo, wala haitosheki na kuwapo kwa nuru.

Kila seli ya aina hiyo ina mwinamo inaoupenda. Mstari ukigeuzwa nyuzi chache mwitikio hupungua. Ukigeuzwa nyuzi 90 seli hunyamaza. Baadhi, ziitwazo seli sahili, hutaka mstari ukae mahali maalumu. Hubel na Wiesel walieleza kuwa seli hizo hupokea habari kutoka seli kadhaa za thalamasi ambazo maeneo pokezi yao yamejipanga kama shanga kwenye uzi. Nyingine, ziitwazo seli changamano, hazibagui hivyo: mstari wenye mwinamo ufaao huziamsha popote ndani ya eneo lao, hasa ukiwa unasogea, na baadhi hukubali mwelekeo mmoja tu wa mwendo.

Hata hivyo, seli moja peke yake haiwezi kutoa ushahidi kamili. Mstari hafifu wenye mwinamo sahihi unaweza kuleta mipigo sawa na mstari mkali uliogeuzwa kidogo. Ubongo hupata jibu kwa kulinganisha seli nyingi, na mpangilio wa gamba unawezesha hilo. Katika nyani, seli zilizo juu na chini ya mahali pamoja hupenda mwinamo mmoja. Ukisogea pembeni mwinamo hubadilika hatua kwa hatua, hadi nyuzi zote 180 zikamilike ndani ya takriban milimita 1.

Uwezo huu haudumu bila kutumika utotoni. Hubel na Wiesel walipomfunga paka mchanga jicho moja kwa miezi ya mwanzo kisha wakalifungua, jicho lilikuwa zima, lakini karibu seli zote za gamba ziliitikia jicho la pili pekee. Kwa paka mkubwa, kufungwa huko hakukuleta madhara hayo. Kwa kazi yao, Hubel na Wiesel walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1981, pamoja na Roger Sperry.

Mtoto wa binadamu naye ana kipindi kama hicho. Aliyezaliwa na mtoto wa jicho akichelewa kufanyiwa upasuaji, lenzi yenye ukungu inaweza kuondolewa na bado asione vizuri, kwa sababu gamba halikujifunza. Mhudumu wa kliniki anayeona weupe katika mboni ya mtoto mchanga ampe mzazi rufaa ya haraka, asimwambie asubiri mtoto akue.